Pua Iliyosema Imekubali

Mke wa Pua aliganda mlangoni pa chumba cha tanuri, kiberiti mkononi, mtandio ameuvuta mpaka puani.

"Baba watoto, unafanya nini humo?"

"Nasubiri gesi ifike," alijibu Pua, kapiga magoti kando ya tanuri jipya na spana yake. "Bado. Hii inayotoka ni hewa tu."

"Hewa? Hewa gani? Inanuka mpaka barabarani!"

Pua akacheka. Alidhani anataniwa.

Na nani asingecheka? Huyu alikuwa fundi wa kuunganisha mabomba ya gesi kwenye majiko makubwa, ya hoteli, ya mabweni, ya viwanda vya mikate kama hiki ambacho mkewe alikuwa mwokaji mkuu. Jina lake la kuzaliwa lilikwisha kusahauliwa na watu, wakabaki na Pua. Akishakaza kiungo cha mwisho alikuwa na mtindo wake: anasogeza uso kwenye kila kiungo, ananusa taratibu kama mama anayenusa kichwa cha mtoto mchanga, kisha anatamka neno moja, "Imekubali." Likishatamkwa hilo, wapishi wanawasha moto na maisha yanaendelea. Kipimo cha gesi alikuwa nacho shemeji yake, mdogo wa mkewe, aliyefanya naye kazi, na kutwa kilikuwa kinachekwa.

"Hicho kidude chako kinakula betri bure, shem," Pua alikuwa akimwambia, akigusa pua yake. "Changu hiki kinakula chakula cha dada yako, basi."

Sasa, bomba jipya huwa limejaa hewa. Gesi ikiingia ikachanganyika na ile hewa, cheche moja tu inatosha kuwamaliza mliomo. Ndiyo maana hewa inatakiwa isukumwe itoke kwa mpira mrefu mpaka nje, mbali na moto, na kipimo ndicho kiseme lini imebaki gesi tupu. Pua aliyajua yote hayo, ila alijipa njia ya mkato ambayo hadi leo inanipandisha hasira nikiifikiria. Alikuwa akilegeza nati ya mwisho humo humo ndani, anasubiri harufu ya gesi imguse, anakaza. Miaka nenda miaka rudi ilimgusa upesi, akakaza, yakaisha.

Siku hiyo harufu haikuja. Kabla mkewe hajafika alikuwa amempazia sauti shemeji aliyekuwa uani penye mitungi, "Fungulia zaidi!" Akafunguliwa. Akailegeza nati nayo zaidi. Gesi ya mitungi ni nzito, haipai juu, hutambaa chini. Ilikuwa imeshamzunguka magoti yote mawili, naye kaiinamia anaisubiri.

"Toka!" mkewe alipiga ukelele, akakirusha kiberiti mbali uani.

Shemeji akafunga koki ya mitungi, akaja mbio. Kipimo kilianza kulia mfukoni mwake kabla hajafika mlangoni. "Dada, usiguse swichi! Usiwashe feni!" Kwa hofu alisahau kwamba umeme wa chumba alikuwa ameshauzima mwenyewe tangu wanaanza kazi, na kwa kuuzima huko pia alikuwa amechekwa. Wakamkamata Pua ukosi wa shati, wakamburuta mpaka nje.

"Mnaniburuta nini?" Pua alifoka. "Mbona mimi sijasikia harufu yoyote!"

Mkewe alimtazama kama anamwona kwa mara ya kwanza. Akaingia stoo ya nyuma, akarudi na chupa. "Fumba macho," akasema, akamwekea mdomo wa chupa chini ya pua. "Hiki nini?"

"Maji."

Alipofumbua macho aliona chupa ya siki. Shemeji aligeukia ukuta.

"Ni tangu yale mafua," mkewe alisema. "Ulipoanza kunisema kwamba chakula changu hakina ladha. Yale maziwa yakaungua umekaa kando yake, unasoma gazeti. Nikakugombeza bure."

"Nilidhani umechoka kunipikia," Pua alinong'ona. Aliishika pua yake kwa vidole, akaiminya. Ilikuwa palepale, nzima, kubwa kama kawaida.

Shemeji ndiye aliyeuliza. "Shem, tangu mafua hayo, ile kazi uliyofanya peke yako nilipokuwa safarini, ulipima kwa nini?"

Ile kazi ilikuwa jiko la shule ya watoto wadogo, bomba fupi ambalo aliona halina haja ya kusubiriwa harufu. Alijikunja pale kiungo kwa kiungo, akanusa, akatamka neno lake. Na mjukuu wao alisoma hapo hapo.

Walimpigia mwalimu wa shule, simu ikaita bila kupokelewa. Wakakimbia wote watatu, mke na aproni yake ya unga.

Mpishi wa shule aliwapokea kwa bashasha, sufuria kubwa ikitokota nyuma yake, madirisha yote wazi.

"Karibu fundi! Afadhali umekuja nikuchekeshe. Tangu utuwekee bomba hili nasikia harufu ya gesi kila asubuhi. Mwalimu naye anaisikia. Tukaambiana, ah, kama Pua mwenyewe amesema imekubali, basi pua zetu ndizo mbovu. Tunafungua madirisha, tunaendelea kupika."

Kipimo kikaanza kulia mkononi mwa shemeji. Pua aliruka ndoo ya maji, akaikamata koki iliyokuwa ukutani, akaifunga kwa mikono miwili. Moto ukafifia chini ya sufuria, ukazimika. Mkewe akapiga kelele watoto watolewe.

"Kwani haijakubali, fundi?" aliuliza mpishi, bado anatabasamu.

Pua alikuwa anatazama mlangoni, ambako mjukuu wake alikuwa amesimama na bakuli tupu, ameziba pua kwa vidole viwili kama watoto walivyozoea kufanya wakija jikoni, anamchekea babu.