Programu Iliyotaja Majina Karakanani

Siku yangu ya kwanza kazini, Kisii mjini, fundi mkuu alinipa ufagio, sio spana. Niliishia darasa la nne na sijawahi kumwomba mtu msamaha kwa hilo. Kutoka hapo nilienda Nyansiongo kukereza vyuma vya matrekta, kisha kiwanda cha chai Gesima, nikapanda hadi msimamizi wa karakana. Kazi yetu kubwa ilikuwa rola, yale magogo ya chuma yenye meno ya kukata majani mabichi. Rola ikinenepa kidogo tu, chai inatoka kama chakula cha ng'ombe.

Karibu na kustaafu kwangu, meneja wa kiwanda aliniita.

"Mzee, chagua programu ya vipimo ambayo watu wako wataiweza. Rola zikiendelea kurudishwa kwa vipimo vibaya, nafunga karakana, kazi inaenda Nairobi."

Fundi wa programu alileta mbili. Unabana chuma kwa venia, kile kipimio cha mdomo kama koleo, chenye waya, kipimo kinatokea kwenye skrini. Ya kwanza ilikuwa na namba kubwa na rangi: kijani endelea, nyekundu pima tena. Ya pili ilikuwa na hayo yote, na tena iliongea kwa spika, kwa sauti ya mwanamke, ikimtaja anayepima kwa jina. Sote tuliipenda ya kuongea.

"Huyu mama ni wa wapi?" aliuliza Nyakundi, mkerezaji wangu bora.

"Kwa sauti hiyo, wa Mombasa," nikamjibu.

"Mwambie baridi ya huku itamkausha koo."

Tukaandika jina la Nyakundi, tukaijaribu mlango ukiwa wazi. Wanawake wa kuchambua chai walikuwa wakipita na vikombe vya uji, na kati yao mama mkwe wa Nyakundi. Spika ikapaza: "Nyakundi, umekosea. Nyakundi, pima tena."

Kwetu kuna ensoni, ile heshima ya kuoneana aibu. Mwanamume hakemewi mbele ya mama wa mke wake. Nyakundi aliacha mashine ikizunguka, akajificha nyuma ya kuni za boila. Mama mkwe naye alijifunika uso kwa aproni, akageuka, akagonga wenzake, uji wote chini. Spika haikuona haya: "Nyakundi, pima tena."

"Izime," nikamwambia fundi wa programu.

"Natafuta pa kupunguzia sauti."

"Ng'oa waya ukutani, kijana."

Nikaenda kwenye kuni. "Toka hapo."

"Ameenda?"

"Ameenda."

"Mimi sirudi. Nitauza ndizi Kisii."

"Na rola atakereza nani?"

"Huyo mama wa Mombasa."

Nikapanda ofisini.

"Nataka ile inayonyamaza," nikamwambia meneja.

"Ya kuongea ina mambo mengi zaidi."

"Ndiyo shida yake."

"Niwaambie wakubwa sababu gani?"

"Waambie ina adabu."

Nyakundi alirudi kesho yake, kwa mlango wa nyuma. Rola zikaacha kurudishwa, karakana ikabaki yetu.

Sasa nimestaafu, nina chai yangu na vidole vyangu vyote, na si kila mkerezaji anaweza kukuonyesha hivyo. Vijana wa viwanda vingine hunijia wakiuliza programu ipi ni nzuri. Nawaambia wasianze na kompyuta. Simama karakanani kwanza, uulize nani ameoa kwa nani. Wengine hucheka. Hao ndio hurudi mara ya pili.