Fundi Aliyebana Harusi Kama Godoro

Jumanne iliyopita nilikuwa kwenye foleni ya mafuta ya taa hapa Ruiru, mtungi wangu mkononi, wakati mama mmoja muuza nyanya wa Mwiki aliyekuwa mbele yangu alipogeuka akaniangalia kwa muda. "Wewe si ndiye ulikuwa unaandikia yule mtu wa video?" akaniuliza. Nikamwambia ndiyo. "Ametuacha jana, huko Thika. Ni kifua." Kisha akageuka mbele, akasonga hatua moja na foleni, akasema bila kuniangalia, "Mwambie mama watoto wake nitakuja matanga Alhamisi, na kuna kitu nitabeba." Nami sikuuliza ni kitu gani. Wanaosoma safu hii wanajua kwamba mimi si mtu wa kuuliza, na leo nitaeleza jinsi tabia hiyo ilivyowahi kumgharimu mtu.

Marehemu alitaka aitwe Dairekta. Alikuwa ameandika neno hilo nyuma ya koti lake la kazi kwa rangi nyeupe, lakini kati ya Ruiru na Thika nzima sijawahi kumsikia mtu mzima akimwita hivyo. Kabla ya kununua kamera alikuwa ameuza magodoro Thika kwa miaka mingi, na watu waliendelea kumwita mtu wa magodoro hata alipokuwa amebeba kamera begani katikati ya kanisa. Mimi aliniita Mwalimu, kwa mzaha, kwa sababu niliishia darasa la nane na nilikuwa nimeajiriwa kuandika. Kazi yangu ilikuwa kuandika majina ya maharusi kwa kalamu nene juu ya karatasi ya manila, kisha yeye anaipiga picha na kamera ili kanda ianze na maneno. Ninaandika polepole. "Mwalimu," alikuwa akisema, "hawa watu watazaa kabla hujamaliza jina la bwana harusi."

Kanda zake zilijulikana kwa mambo mawili. La kwanza ni urefu. Hakuwa na njia ya kukata kitu chochote, kwa hivyo ukiletewa harusi yako ulipata yote, pamoja na dakika arobaini za watu wakisubiri keki na mbuzi akipita. La pili ni sauti yake mwenyewe. Alikuwa nyuma ya kamera lakini hakuweza kunyamaza. Katika kila harusi ya sehemu hizi utamsikia akisema, "Bwana harusi, kwani umelazimishwa? Cheka!" au, "Wewe wa kofia, unanifunikia pasta." Aliona aibu sana akijisikia, na akaapa kwamba siku atakapopata njia ya kukata, kitu cha kwanza atakachokata ni mdomo wake.

Njia hiyo ilikuja mwaka juzi, aliponunua kompyuta ya mtumba kutoka ofisi moja ya Nairobi. Mwanafunzi wa chuo kikuu aliyepanga chumba Kahawa Wendani alimwambia kuna programu ya kukata na kubana video, na kwamba ni ya bure. Tulienda kwake, mimi nikiwa na daftari. Marehemu alikaa kwenye kitanda cha yule kijana na kofia yake magotini, akakataa kuamini. "Bure kivipi? Mimi nimeuza magodoro miaka kumi na moja, sijawahi kumpa mtu bure hata kitambaa."

"Mzee, aliyeitengeneza ameiweka huko nje kila mtu atumie."

"Na anakaa wapi? Nimpelekee maparachichi."

Kijana alicheka mpaka akaweka disketi chini. Kisha akatueleza jinsi inavyotumika, haraka haraka kama wanavyoongea wanafunzi, na mimi nikaandika. Moja, fungua faili. Mbili, chagua mwanzo na mwisho. Tatu, bana. Nilikuwa bado naandika neno la tatu wakati yeye alipokuwa amefika la sita. Alisema jambo moja la mwisho kuhusu kanda ya kamera, na sikulisikia vizuri kwa sababu nilikuwa nimeinama kwenye daftari. Ningeweza kusema, rudia. Neno lenyewe ni fupi. Niliona haya, nikafunga daftari, tukatoka na disketi saba kwenye mfuko wa karatasi kama watu waliobeba mandazi.

Tulijifunza vile watu wanavyojifunza wakiwa wawili na wote hawajui. Yeye alikuwa na mkono wa kubonyeza, mimi nilikuwa na kamusi. Maneno yote kwenye skrini yalikuwa ya Kiingereza, na kila neno lilitugharimu chai moja. Wiki ya kwanza alimkata bwana harusi mmoja shingoni katikati ya kiapo, na mwenyewe alipolalamika akaambiwa hiyo ni staili ya kisasa. Lakini kilichompendeza zaidi ni kubana. Kompyuta ilikuwa na nafasi ndogo, na harusi moja tu iliijaza yote. Akibonyeza kubana mara moja, harusi inapungua nusu. Akibonyeza tena, inapungua tena. Macho yalimng'aa. "Mwalimu, hii naijua. Hii ni godoro!" Akanikumbusha jinsi godoro la sponji linavyokunjwa, likakaliwa na watu wawili, likafungwa kamba likawa dogo kama mtoto wa shule. Unalibeba popote. Ukifika nyumbani unakata kamba, linavimba lenyewe mpaka linarudi vile lilivyokuwa. Basi alizibana harusi zote za mwaka ule, nyingine mara tatu, nyingine mara nne. Na kwa kuwa harusi sasa zilikuwa zimekunjwa salama ndani ya kompyuta, alizichukua kanda za kamera akarekodi harusi nyingine juu yake. Nilimwona akifanya hivyo. Niliona ni akili.

Kati ya hizo alizokunja kulikuwa na ruracio, sherehe ya mahari, ya yule mama wa nyanya. Ilifanyika nyumbani kwa mama yake, ng'ambo ya Thika, na yule mama mzee alisimama mbele ya wageni akambariki binti yake. Binti alikuwa ameulizia kanda yake mara nyingi, naye marehemu akawa anamwambia angoje, anamtengenezea ya kompyuta. Akangoja. Ndipo asubuhi moja akaja studio akiwa amejifunga leso kichwani, akabaki amesimama mlangoni.

"Fundi, mama tulimzika Ijumaa. Leo sitaki ya kompyuta. Nipe ile ya kamera vile iko. Nataka kumwona akiongea. Sina hata picha yake."

Marehemu alimpa pole, akamwambia arudi nyumbani, atamletea mwenyewe. Mama alipotoka, marehemu akanigeukia. "Sasa tukunjue." Tulitafuta mahali pa kukunjua mchana wote. Nilipitia kamusi, nikapitia kila neno kwenye skrini. Hapakuwa na kamba ya kukata. Tulipofungua ile faili, mama mzee alikuwa amegeuka vijisanduku vya rangi, kama sweta iliyofumwa na mtu anayejifunza. Ungeona kilemba, ungeona kitu kama mkono. Uso haukuwapo. Marehemu alitembea mpaka Kahawa Wendani, nami nikamfuata, na yule kijana akashika kichwa. "Mzee, si niliwaambia msifute kanda ya kamera? Hii si godoro. Ikibana inatupa vitu, na ikishatupa imetupa." Marehemu hakuniangalia. Akasema tu, "Uliniambia. Nimesahau." Hakuwa amesahau, alikuwa anabeba kosa langu. Katika daftari langu maneno hayo hayakuwapo, naye alijua hivyo, kwa maana alilifungua kila siku.

Kuna mafundi wengi ambao wangesema kanda imeliwa na mashine. Mimi mwenyewe nilimshauri hivyo njiani, na hiyo ndiyo sentensi ndefu zaidi niliyowahi kumwambia. Akasimama kando ya barabara akanitazama. "Mwalimu, huyo mtu amezika mamake. Sasa tena nimdanganye?" Tulirudisha kile kilichobaki kwenye kanda, akabeba deki ya video kwapani, tukaenda Mwiki. Mama wa nyanya alitufungulia, akatuwekea viti karibu na televisheni. Marehemu hakukaa.

"Mama, kabla sijawasha. Nimeharibu. Uso wa mama yako hauonekani, na kanda ya kwanza nimerekodia juu. Ni mimi, si mashine."

Yule mama akauliza, "Sauti?"

"Sauti iko."

"Washa."

Sauti ilikuwapo kwa sababu moja tu, nayo si ya kujivunia. Programu ile ilikuwa na mahali pa kubana picha na mahali pengine pa kubana sauti, na sisi hatukuwahi kufika kwenye ukurasa huo. Kutojua kwetu kulichukua uso, kutojua kwetu tena kukaacha sauti. Vijisanduku vikacheza kwenye skrini, na sauti ya kwanza kutoka ilikuwa ya marehemu, ile aliyoapa kuikata na ambayo hakuwahi kujua namna ya kuikata bila kukata kila kitu. "Cucu, songa kidogo kwa mwanga."

Na mama mzee aliyeitwa Cucu, yaani bibi kwa Kikuyu, waziwazi kama yuko jikoni, "Usonge wewe, kijana. Mimi niko kwangu. Wewe ndiye umekuja."

Wageni kwenye kanda wakacheka. Mama wa nyanya akacheka nao, akiwa amefumba macho, na akaendelea kufumba mama yake alipoanza kumbariki. Ilipokwisha alisema, "Fundi, umeniletea mama bila uso." Marehemu akainamisha kichwa. "Lakini ni yeye. Rudisha nyuma."

Alhamisi tulikaa matanga kwa marehemu alasiri nzima. Picha iliyowekwa mezani ilikuwa ya kitambulisho iliyokuzwa, na ndani yake anafanana na mtu anayetafutwa na polisi. Hakuna nyingine, maisha yake yote alikuwa upande ule mwingine wa kamera. Ndipo yule mama akafika, akatoa kanda kwenye kikapu chini ya nyanya, akaomba deki. Vijisanduku vikatokea, watu wakatazamana. Kisha marehemu akasema kwa sauti yake yote, "Cucu, songa kidogo kwa mwanga," akajibiwa vilevile, na nyumba nzima ikacheka. Mama watoto wake alikuwa amejifunika uso kwa mikono miwili. Kicheko kilipotulia alisema kutoka nyuma ya vidole, "Rudisha nyuma."

Niliporudi nyumbani nilitafuta lile daftari. Chini ya hatua ya tatu niliongeza ya nne, usifute kanda ya kwanza, na ya tano, kama hujasikia, uliza. Hizo ni za kompyuta, na mtu yeyote anayeanza anaweza kuzichukua bure kama sisi tulivyochukua programu. Ya sita si ya kompyuta, na nilijifunza kwa mtu aliyebeba deki kwapani kwenda Mwiki. Nimeiandika polepole, kwa kalamu ile nene ya majina ya maharusi: ukiharibu, sema kabla hujawasha.