Mwanangu Aliniita Dada

Mwanangu wa kwanza alifika Marekani akiwa na miaka kumi na minne. Nilimwacha Iringa akiwa na mitatu. Tulikwenda kumpokea uwanja wa ndege wa Dulles, mimi, mume wangu na binti yetu mdogo wa miaka saba aliyezaliwa hukuhuku, ambaye alikuwa ameshika puto na karatasi ya kumkaribisha dada yake aliyoichora mwenyewe. Mlango ukafunguka, akatoka binti mrefu, mwembamba, amevaa sweta zito la shule. Bibi yake alimwambia Marekani kuna baridi, na ule ulikuwa mwezi wa saba. Nilikimbia nikamkumbatia. Alisimama wima, mikono chini, akasubiri nimalize, halafu akapiga goti kidogo akasema, "Shikamoo, dada."

Nikaitikia marahaba. Ningeitikia nini kingine?

Mume wangu akatazama pembeni. Binti yetu mdogo akauliza kwa Kiingereza inakuwaje dada yake anamwita mama yake dada. Njia nzima mpaka nyumbani Alexandria aliuliza tena mara mbili, na mara ya pili nikamfokea.

Jambo lenyewe lilianza hivi. Nilikuja huku kama msichana wa kazi wa familia ya afisa mmoja wa ubalozi. Baba wa mtoto alikwishaoa kwingine kabla mtoto hajatembea, na mkataba wangu ulikuwa wa miaka miwili. Mama yangu ndiye aliyesema niende, na ndiye aliyesema tufanye vile. "Akikuita mama atakulilia kila siku, na mimi sitaweza," aliniambia. "Mwache aniite mimi mama. Wewe utakuwa dada. Ukirudi tutamweleza." Nilikubali. Hakunilazimisha mtu. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nikadhani miaka miwili ni kitu kifupi.

Ilipoisha sikurudi. Familia ile ilihamishiwa nchi nyingine, mimi nikabaki Langley Park kwa mwenzangu mmoja, nikawa nalala sebuleni kwake na kutunza wazee majumbani. Bila karatasi za ukaazi, ukitoka hurudi, kwa hiyo hutoki. Kila mwaka niliwaambia watu wa nyumbani kwamba mwakani. Kwenye simu mtoto alinieleza kwamba jino limeng'oka, kwamba mama amepika makande, kwamba amekuwa wa tatu darasani, na kila sentensi ilianza na dada. Watoto wa yule afisa nao waliniita dada, maana kwetu ndivyo anavyoitwa msichana wa kazi. Niliowalea kwa mshahara na niliyemzaa waliniita jina moja, na nilifika mahali sikusikia tena tofauti.

Aliambiwa ukweli akiwa na miaka kumi, na si mimi niliyemwambia. Wakati huo nilikwisha kuolewa na Mkenya wa Murang'a, dereva wa teksi, mtu mpole mwenye uraia, na karatasi zangu zilikuwa zimenyooka. Ili tumwombee mtoto kibali cha kuja, cheti chake cha kuzaliwa kilitolewa kabatini, naye akakisoma. Mama alinisimulia kwamba hakulia. Aliuliza tu kama sasa anatakiwa abadilishe anavyotuita. Mama akamjibu aite anavyopenda. Hilo sijamsamehe mama yangu mpaka leo.

Nyumba yetu ilikuwa ghorofa ya tatu, vyumba viwili, wale mabinti chumba kimoja. Niliondoka saa kumi na moja na nusu alfajiri kuwahi basi, nikashuka, nikapanda jingine, nikafika kwa bibi mmoja wa Kizungu niliyekuwa namwogesha, namvalisha, namlisha na kukaa naye mpaka jioni. Nikirudi nilikuta mwanangu amemaliza kazi zote: sakafu imepigwa deki, vyombo vimeoshwa, nguo za mdogo wake zimepigwa pasi. Wanawake wenzangu kanisani walinionea wivu. Walisema watoto wao hawanyanyui hata kijiko. Sikuwaambia kwamba mwanangu aliomba ruhusa kufungua friji. Sikuwaambia kwamba kila asubuhi alikunja shuka zake akaziweka juu ya begi lake, na begi lenyewe lilikaa nyuma ya mlango miezi mingi bila kutolewa vitu. Alifanya kazi kama mtu anayelipia malazi. Nilimwambia apumzike, hapa ni kwao. Akasema, "Asante, dada."

Kila Jumamosi asubuhi alizungumza na bibi yake kwa simu, amejifungia bafuni. Walizungumza Kihehe, ambacho mimi kilikuwa kimeanza kunipotea, na alicheka. Nilisimama nje ya mlango nimeshika taulo, kana kwamba nasubiri kuoga, nikisikiliza kicheko ambacho sebuleni sikuwahi kukisikia. Akitoka alinikuta pale, akaniomba samahani kwa kuchelewesha bafu.

Kwa mume wangu alizoea upesi. Jumapili mchana alimchukua kwenye teksi amfundishe njia, na siku moja walirudi wote wawili macho yana machozi ya kucheka. Mume wangu akaniambia, "Huyu msichana wako ni mtu wa stori sana. Amenichekesha kutoka Bladensburg mpaka hapa." Nikamuuliza stori gani. Akasema ni za bibi yake na mbuzi mmoja aliyekuwa anakula kanga kwenye kamba. Mbuzi huyo mimi sikumjua. Mume wangu hakuwa na kosa lolote, lakini jioni ile nilimpakulia chakula cha baridi.

Mwezi wa kumi shule ikanipigia simu. Ile fomu ya nani aitwe mtoto akipatwa na dharura, mwanangu alikuwa ameijaza mwenyewe. Penye mama ameandika namba ya Iringa. Mimi nimeandikwa chini, dada. Niliomba ruhusa kazini, nikaenda na cheti cha kuzaliwa kwenye mkoba. Mshauri wa shule, mama mmoja wa makamo, alikisoma, akanitazama, akakisoma tena. Kisha akaniuliza kama mtoto huyu anapewa kazi nyingi nyumbani. Akaniuliza analala wapi. Akaniuliza, kwa upole sana, kama aliletwa Marekani ili afanye kazi za ndani. Sikumlaumu. Aliyosikia ni kwamba kuna msichana anakaa kwa dada yake, anadeki, anapika, anapiga pasi, na mama yake yuko mbali. Mimi niliyekuja nchi hii kama msichana wa kazi, nilikuwa nimekaa pale nikiapa kwamba sikumleta mwanangu awe mmoja.

Nyumbani nilimkuta jikoni anaosha vyombo. Sikuvua hata koti.

"Mama yako ni nani?" nikamuuliza.

Alifunga bomba, akajifuta mikono. "Cheti kinasema ni wewe."

"Sikuulizi cheti. Nakuuliza wewe."

Alifikiri. Hakuwa na hasira, na mpaka leo hilo ndilo linaloniuma. "Dada," akasema, "nilipokuwa naumwa malaria, nikipokea simu ulikuwa unaniambia nimpe mama aongee."

Nikampiga kofi. Ni mara ya kwanza na ya mwisho. Mdogo wake alikuwa mlangoni na begi lake la shule mgongoni, akaona kila kitu. Mwanangu aliokota sahani iliyokuwa imeanguka ndani ya sinki, akaitazama kama imepasuka, akaendelea kuosha.

Mwezi wa pili mama yangu akafariki. Karibu miaka mitatu nyuma alikuwa amepooza upande mmoja, akapata nafuu kidogo, na sasa kiharusi kikarudi mara ya pili na kummaliza. Mjomba alinipigia simu saa sita mchana, wakati nashika kijiko mbele ya mdomo wa yule bibi wa Kizungu. Nilimaliza kumlisha. Mume wangu ndiye aliyekwenda shuleni kumchukua binti, na ndiye aliyemwambia, ndani ya teksi, mbele ya geti.

Jioni watu wakajaa. Watanzania wa kanisani, Wakenya wa upande wa mume wangu, na jirani wa chini, mama wa Kikongo aliyekuja na sufuria ya sombe, kisamvu cha kwao. Walisogeza kochi, wakatandika mikeka, wakapika wali kwenye sufuria zangu. Nilikaa chini nikilia kwa sauti, na wanawake walinishika mabega wakiniambia pole, mama ni mmoja. Mwanangu alikaa ukutani, machozi yanatoka bila sauti. Yule jirani wa Kikongo aliingia, akanipa mkono, akamtazama binti kwa muda. Kisha akanipita, akakaa kwenye mkeka, akakilaza kichwa cha binti mapajani mwake.

"Huyu mutoto ndiye amefiwa na mama," akasema.

Hakusema kwa kunisema mimi. Alisema tu alichokiona.

Nauli ilitosha kumpeleka mtu mmoja tu mazishini. Mume wangu alinivuta jikoni akaniambia, "Wacha aende yeye. Wewe utaenda baadaye ukapange mambo ya kaburi." Nikamjibu kwamba mama yangu anazikwa mara moja tu. Asubuhi yake binti alinifuata chumbani nikiwa nafunga begi. Alipiga goti kama siku ile ya uwanja wa ndege.

"Naomba nikamzike mama," akasema.

"Una mitihani," nikamwambia.

Ni kweli alikuwa na mitihani. Lakini si mitihani iliyonizuia. Nilitaka mahali pamoja duniani ambapo nitasimama kama mtoto wa mtu na hakuna wa kuniondoa. Nikaondoka, nikamwacha kwa mara ya pili, na safari hii alikuwa macho na alikuwa ameniomba.

Iringa nilikuwa sijaikanyaga miaka yote ile, hata baada ya karatasi kunyooka. Kila aliyenipa mkono aliuliza mtoto yuko wapi, mbona sikuja naye. Jirani mmoja alinionyesha godoro chini ya kitanda cha mama. Pale ndipo binti alipokuwa analala tangu mama apooze, akiwa na miaka kumi na miwili. Alimgeuza, alimwogesha, alimlisha, akatoka hapo akaenda shule. Kazi ileile ninayoifanya huku kwa wageni, mwanangu alimfanyia mama yangu kwa miaka miwili, na hakuwahi kunitajia. Nami sikuwahi kuuliza. Nilikuwa nikiuliza kama dawa zimefika.

Kanisani wakasoma wasifu wa marehemu. Ameacha mabinti wawili, walisema, wote wako Marekani. Hakuna aliyeshtuka. Kaburini nikatupa udongo wangu, na mjomba akaniambia nitupe na wa mwenzangu. Nikainama tena, nikatupa.

Niliporudi, binti alinipa shikamoo, akanipokea begi. Siku tatu hakuuliza kitu. Siku ya nne, nikiwa nakunja nguo, alikuja akasimama pembeni.

"Walimvika kile kitenge cha bluu?"

Sikukumbuka. Nilikuwa nimesimama mbele ya jeneza la mama yangu na sikutazama amevaa nini. Nikasema ndiyo, kile cha bluu.

Alitikisa kichwa taratibu. "Cha bluu alimpa jirani mwaka juzi," akasema. Kisha akasema, "Mimi ndiye niliyemwogesha. Wewe umemzika tu."

Baada ya hapo tuliishi kwa adabu. Alisoma, alifaulu, alimsaidia mdogo wake hesabu. Aliacha kuniita chochote. Akitaka kusema nami alisogea mpaka nimwone, ndipo akaanza. Wiki moja baada ya kumaliza sekondari, akiwa na miaka kumi na minane, alihamia Langley Park, akapanga chumba na wasichana wawili wa Kikongo, akasomea uuguzi msaidizi. Mume wangu ndiye aliyembebea mizigo. Mdogo wake sasa ana miaka kumi na miwili. Kiswahili anakisikia chote na anajibu kwa Kiingereza, ila kwa dada yake hujikongoja kukisema. Siri zake humpelekea yeye. Wikiendi hulala huko, na akirudi simuulizi walizungumza nini.

Mwaka jana nilikwenda kwake peke yangu. Maneno nilikuwa nimeyapanga wiki nzima. Barabara ilikuwa imechimbwa kwa ajili ya reli mpya, basi likatushusha mbali, nikatembea kwenye vumbi na nyavu za rangi ya machungwa za mafundi mpaka mlangoni kwake. Alinikaribisha vizuri, akanipikia chai ya maziwa. Nikamwambia kwamba nilimkosea. Kwamba nilimwacha, kwamba nilikubali aambiwe uongo, kwamba nilimnyima kumzika aliyemlea. Nililia. Nilidhani nikilia naye atalia.

Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya meza.

"Sawa," akasema. "Nimesikia."

Nikasubiri. Akaniuliza kama chai imekolea sukari. Nikasema imekolea. Akaniambia saa tisa anaingia kazini na bado hajapiga pasi sare yake, kwa hiyo anisindikize sasa.

Mchungaji wetu huniambia nimpe muda. Mwenzangu mmoja wa kanisani huniambia hakuna mtoto asiyerudi kwa mama yake. Wananiambia hayo kwa nia njema, nami huwaitikia amina. Lakini mimi nilikaa naye siku ile kwenye kituo cha basi. Alinieleza nipande basi namba ngapi na nishukie wapi, akarudia ili nisisahau, kama mtu anavyomwelekeza mgeni anayemheshimu. Basi lilipofika alisubiri nipande. Nilipopata kiti na kugeuka dirishani, alikuwa ameshavuka barabara, anatembea haraka kati ya zile nyavu, maana alikuwa anachelewa kazini.