Mti wa Ghorofa ya Nne

Mpaka leo nikifungua maka peni, harufu yake ikinipanda puani, huifunga tena haraka. Usinicheke, mwenzangu. Nusura nimpeleke mtu polisi kwa kalamu ya rangi.

Tulikaa Malaz, Riyadh, ghorofa ya nne, baba mfamasia, mama muuguzi. Nilisoma shule ya Wahindi, na mwalimu wetu, Miss Kamala, alitoka kijijini huko kwao. Siku moja alituchorea kijiji hicho ubaoni: wenye mashamba katikati, karibu na kisima kikubwa, wafinyanzi na wafumaji pembeni, na ng'ambo ya bwawa, peke yao, watu wa kazi ya ngozi, ambao hakuna aliyekubali kunywa maji yao. Hao ndio walikuwa watu wake. Waliokuja kuhesabu watu, alisema, waliishia kisimani, wakanywa chai, wakaondoka bila kuvuka bwawa. Kisha akatupa kazi: kila mmoja achore jengo lake kama kijiji, aandike nani anaishi wapi na anafanya nini.

"Msimwache mtu," akasema. "Hata mmoja."

Nami mtoto mtiifu! Nikawachora Wamisri wa chini, Wapakistani, na Wasudani wenye kelele. Ghorofa yetu nikaandika baba, mama, mimi, na Da Nafula, Mkenya, mfanyakazi wa ndani, amemkimbia kafili wake, yule tajiri aliyemdhamini, hana ikama, kile kibali cha kuishi nchini. Maka peni nyekundu, herufi kubwa.

Da Nafula alikuwa kwetu kwa mwezi wa pili sasa, akisubiri karatasi za kurudi Bungoma. Hata dirishani hakusogea, asije akaonekana. Jioni nilipomsimulia jinsi nilivyokabidhi mchoro wangu, alikuwa anakanda unga wa chapati. Mikono ikasimama.

"Umeandika jina langu, mtoto?"

"Kwa rangi nyekundu," nikajibu kwa majivuno.

Mama akakaa chini kwenye vigae. Kesho yake ilikuwa siku ya wazazi, michoro yote ukutani, na msimamizi wa jengo letu, ambaye mwanawe alikuwa darasani kwangu, alishatangaza ngazini kwamba akimkuta aliyetoroka kafili ataita polisi. Bibi alizoea kusema mdomo huponza kichwa. Hakujua kwamba hata maka peni huponza.

"Dada, wacha nitoke leo. Sitaki mshikwe juu yangu," Da Nafula akamwambia mama.

"Utoke uende wapi?" mama akamjibu kwa ukali.

Asubuhi tuliwahi, lakini msimamizi alikuwa keshatutangulia, uso karibu na mchoro wangu, akiufuata kwa kidole ghorofa baada ya ghorofa. Mama alinibana mkono mpaka ukafa ganzi. Kidole kikafika ya nne. Pale nilipomwandika Da Nafula palibandikwa mti wa karatasi ya kijani, gundi bado mbichi.

"Mti umeota ghorofani?"

"Watoto," Miss Kamala akasema taratibu. "Wanapenda miti."

Msimamizi akacheka, akaenda kutafuta mchoro wa mwanawe. Mama alikwenda kulia chooni. Mimi nilinuna: si Miss Kamala alisema tusimwache mtu, mbona yeye kamfuta wangu? Wiki nzima sikumwamkia.

"Mwambie mwalimu wako asante sana, Mungu ambariki," Da Nafula alinituma. Sikumwambia.

Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa ilivyomuuma yule binti wa ng'ambo ya bwawa kumtoa mtu hesabuni kwa mkono wake mwenyewe. Da Nafula alifika kwao salama. Miss Kamala alihama shule mwaka uleule, na ile asante bado ninayo.