Stara na Mtani Wake wa Mizani

Watu wa Chang'ombe wanasema dada yangu Stara anaringa. Anapita na mkoba begani, anasalimia, anaondoka. Ukimtania hacheki wala hakujibu. Shoga zangu wamenichosha na maneno hayo. Mimi Rukaya, niliyelala naye kitanda kimoja mpaka alipoolewa, namjua Stara aliyekuwa na mdomo kuliko sisi sote nyumbani, na najua siku alipoufunga.

Alimaliza kidato cha nne mwaka 1992, akakaa nyumbani miaka mitatu akifuma vitambaa vya makochi. Kisha shirika la umma la kusaga nafaka na kukamua mafuta, kule Kizota, likauzwa kwa mwekezaji. Likapakwa rangi ya bluu, likawekewa geti jipya, na watu wakaanza kuliita Kampuni tu, kana kwamba duniani hakuna nyingine. Wenye Kampuni wakatangaza uanagenzi wa biashara: miaka miwili, unapitishwa kila idara, mwisho unapewa cheti, na anayefanya vizuri anaajiriwa. Waliomba zaidi ya mia mbili, wakachukuliwa sita. Jina hilo la mwanagenzi nililicheka sana, lakini barua ya Stara ilipofika nililia kwa furaha kabla yake.

Baba yetu, Mzee Jamaldini, fundi cherehani, alivaa kanzu yake ya Idi kwenda kusaini kama mdhamini. Mkataba ulikuwa na kurasa tatu. Alisoma wa kwanza, akasaini yote. Ukurasa wa tatu ulisema mwanagenzi atakayetoa siri ya Kampuni atafukuzwa bila cheti, hatapokelewa tena katika tawi lolote, na mdhamini wake ataitwa kujieleza. Sisi tuliona ni maneno ya makaratasi tu. Nani angempa siri mtoto wa fundi cherehani?

Idara ya kwanza ilikuwa mizani, pale getini, magari yanapopimwa na mzigo na kupimwa tena matupu. Mwenye mizani alikuwa Mzee Yoramu, Mgogo wa Mvumi, mtu wa miaka hamsini na kitu, mwimbaji wa sauti ya nne kanisani. Sisi ni Wanyamwezi. Babu wa baba alikuja na msafara akiwa na mzigo kichwani, akachoka hapa hapa Ugogo, akaoa. Kwa hiyo Stara na Mzee Yoramu walikuwa watani, na hawakupoteza muda.

"Mpagazi! Toa hongo ndiyo upite," Mzee Yoramu alimpokea kila asubuhi, maana wazee wake waliwatoza wazee wetu kwenye visima vya Ugogo.

"Shikamoo kwanza, mzee. Hongo utaipata siku nitakayokufukuza kazi, nihamie kwenye nyumba yako nile zabibu zako."

Nyumba yenyewe ilikuwa ya Kampuni, nyuma ya kinu. Alikuwa amekaa humo miaka ishirini na miwili, akalea watoto watano, akapanda mizabibu uani na kujenga jiko kwa mikono yake. Stara alipohamishiwa manunuzi, halafu mauzo, utani ule uliendelea vilevile pale getini. Madereva wa malori waliuzoea, wakawa wanamuuliza, "Mpagazi, bado hujahamia tu?"

Katikati ya mwaka 1997 ikabandikwa notisi. Mfanyakazi anayetaka kuacha kazi kwa hiari yake aandike barua kabla ya Ijumaa saa nne asubuhi. Akikaa nyumba ya Kampuni, ataruhusiwa kuinunua kwa bei nafuu. Wasiotaka waendelee na kazi kama kawaida. Wafanyakazi walinusa mtego, wakaunusa upande usio wenyewe. Walisema mwekezaji anataka watu wajiondoe wenyewe asiwalipe haki zao. Mzee Yoramu alisema hadharani kwamba yeye haandiki barua hata wamletee kalamu ya dhahabu.

Wiki hiyohiyo Stara alikuwa idara ya utumishi, chini ya Bwana Sostenes. Jumanne asubuhi Bwana Sostenes akamwingiza chumba cha mwisho chenye mashine ya kuchapa, akampa karatasi zilizoandikwa kwa mkono na kaboni, akamwambia, "Chapa nakala nne. Ukihitaji kutoka, gonga." Halafu akafunga mlango kwa ufunguo, kwa nje.

Ilikuwa orodha ya watu sitini na watatu watakaopunguzwa kazi Jumatatu inayofuata. Waliokaa nyumba za Kampuni wangepewa siku thelathini kuhama, bila haki ya kununua. Nambari arobaini na moja ilikuwa Yoramu, wa mizani.

Stara aliniambia baadaye kwamba alipolichapa jina lile alirudi kulisoma kwenye karatasi ya mkono, akidhani amekosea. Aliletewa wali humohumo. Jioni alifunguliwa, mkoba ukapekuliwa, akasindikizwa na gari la Kampuni mpaka mlangoni kwetu. Jumatano hivyohivyo. Nyumbani hakula, na nilipomuuliza alisema tumbo. Mimi mjinga nikamchemshia majani ya mchaichai! Angeniambia ningekwenda Kizota kwa miguu, tena mbio. Lakini alimwangalia baba anavyowasimulia wateja habari za binti yake wa Kampuni, akaufikiria ule ukurasa wa tatu, akanyamaza.

Alhamisi jioni gari lilikuwa na safari nyingine, ikabidi atoke kwa miguu. Mzee Yoramu alikuwa penye mizani na madereva watatu.

"Mpagazi! Siku mbili unapita kwa gari bila kulipa hongo? Leo hupiti."

Stara alimsogelea. Alikuwa amepanga maneno tangu saa sita, na alijua hana muda wa kuyazungusha.

"Mzee Yoramu, sikiliza. Kazi yako imekwisha. Andika barua kesho kabla ya saa nne, la sivyo nyumba huna."

Mzee Yoramu alipasuka kicheko mpaka kofia ikaanguka. "Mnamsikia huyu? Miaka miwili anaitamani nyumba yangu, sasa ananiletea na saa ya kuhama!"

Madereva wakacheka, mmoja akapiga makofi. Stara akasema, "Mzee, leo sitanii," na hilo likawachekesha zaidi, kwa sababu kila mtani husema hivyo. Alipotaka kumshika mkono amvute pembeni, akamwona Bwana Sostenes amesimama mlangoni mwa ofisi, funguo mkononi, anawatazama.

Hapo ndipo Stara alipocheka. Alicheka kwa sauti, akasema, "Haya, na zabibu uniachie," akapita geti akaenda zake.

Ijumaa saa kumi na mbili na nusu asubuhi gari lilikuwa mlangoni kwetu. Bwana Sostenes alikuja mwenyewe. Alimsalimia baba kwa heshima zote, akasema kazi ni nyingi, akamchukua dada yangu. Stara alikuwa amepanga kupita nyumbani kwa Mzee Yoramu kabla ya zamu. Badala yake alipita mbele ya mizani amekaa kiti cha nyuma, kioo kimepandishwa. Akafungiwa tena chumbani, safari hii kupanga nakala kwenye bahasha.

Chumba kilikuwa na dirisha la nondo linalotazama geti. Saa ya ukutani ilionyesha saa tatu na dakika ishirini. Mzee Yoramu alikuwa pale chini, anapima lori la alizeti. Stara akagonga kioo kwa pete yake. Mzee akainua kichwa. Stara akamwonyesha kwa kidole upande wa ofisi, akafanya ishara ya kuandika, akaonyesha saa ya mkononi, akakunja mikono kama anayeomba. Mzee Yoramu akaweka kalamu sikioni na kumchezea ngoma ya Kigogo, mabega yanaruka, palepale juu ya chuma cha mizani. Dereva wa lori akampigia honi.

Stara alisema hajawahi kuogopa saa kama siku ile. Aligonga mlango; aliyekuja ni tarishi, akasema Bwana Sostenes ametoka na ufunguo. Alipiga kelele mara moja, mashine za kinu zikaimeza. Saa nne ilipofika alikaa chini, sakafuni, na kuendelea kupanga bahasha. Nimemuuliza mara nyingi kwa nini aliendelea. Anasema hakujua kitu kingine cha kufanya na mikono.

Jumatatu orodha ilibandikwa. Mzee Yoramu alikuja kaunta ya utumishi siku ya pili kurudisha koti na kitambulisho, na wa kupokea alikuwa Stara. Alisaini taratibu, akaweka kalamu chini.

"Kumbe uliniambia," alisema.

"Nilikuambia, mzee wangu."

"Ukacheka."

Stara akapiga muhuri karatasi, akamsogezea. Mzee hakumtukana. Alichukua nakala yake, akaikunja mara mbili, akaondoka. Mwezi haukuisha akahamia Nzuguni, chumba kimoja cha kupanga, yeye na mkewe.

Stara alimaliza uanagenzi. Katika ripoti yake Bwana Sostenes aliandika kwamba ni mtu anayetunza siri, na kwa sababu hiyo akaajiriwa utumishi, chumba kilekile. Baba alikitia cheti kwenye fremu na kukitundika juu ya cherehani. Stara alitaka kuacha kazi mara ngapi sijui. Kila akiitazama ile fremu alirudi Kizota. Aliniambia siku moja tunaanua nguo, "Rukaya, mimi nimenaswa, na walioninasa wananipongeza." Nilikasirika, nikamwambia ajisamehe basi. Akaendelea kuanua.

Baba alifariki mwaka 2001. Mzee Yoramu alikuja msibani kwa baiskeli kutoka Nzuguni, na wanawake wakaanza kunong'onezana kwamba mtani amefika, sasa tutaona vituko: ataling'ang'ania jeneza, atasema Mnyamwezi hazikwi Ugogo bila kulipa, mpaka wafiwa wacheke wasitake. Ndivyo ilivyo kwetu, na kwa kweli tulikihitaji kicheko. Yeye alivua kofia, akatia bega kwenye jeneza pamoja na wengine, akaenda mpaka makaburini, akarudi. Kisha akaja tulipokaa, akasimama mbele ya dada yangu.

"Pole sana, Bi Stara. Mungu awatie nguvu."

"Ahsante, mzee."

Akavaa kofia, akachukua baiskeli yake. Stara alimfuata kwa macho mpaka alipokata kona, akanishika mkono kwa nguvu, akaniambia, "Hata leo hakunitania." Ndipo akaanza kulia, kilio kikubwa, na waliokuwa karibu walidhani anamlilia baba.