Mama Kija na mayai ya karanga yaliyokataa kubaki njano

Jumamosi Kuu, saa moja asubuhi. Mpanda ndiyo kwanza inajinyoosha baada ya mvua, lakini katika ua mmoja wa mtaa wa Kawajense kazi imeshapamba moto, ingawa moto wenyewe umepigwa marufuku. Mafiga ni matupu tangu jana. Majivu yamezolewa na kwenda kutupwa mbali, na mlangoni pa chumba kidogo cha uani ameketi bibi mmoja, fimbo mapajani, akimkagua kila anayetaka kupita.

"Onesha mikono," anaamuru. Huyu ni Kabula, mama mkwe wa mwenye nyumba. Mwandishi naye ananyoosha mikono yake kama mtoto wa shule. Bibi anageuza viganja, anavinusa, anatafakari kidogo. "Pita. Lakini usiguse kitu."

Ndani, Pudensiana, mwenye umri wa miaka thelathini na minane, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Kija, amefunga kilemba na kuchovya vidole kwenye maji ya ndimu. Anamega siagi ya karanga iliyokandwa na asali ya Ugalla mpaka ikakaza, anaiviringisha iwe kama ncha ya kidole gumba, kisha anaivika koti la maziwa ya unga lililotiwa rangi. Kiganja kinazunguka mara tatu tu, na kinapofunguka kuna yai dogo, la ukubwa wa yai la kwale.

Rangi zake zote zinatoka jikoni. Pinki ni maji ya bitiruti. Kijani ni mchicha uliotwangwa na kukamuliwa. Njano ni manjano, yale yale ya kutia kwenye mchuzi.

"Ya pinki na ya kijani hayanisumbui," anasema bila kuinua macho. "Haya ya njano ndiyo yananitoa jasho. Yaani leo nikikosea tena, basi. Sina uso wa kurudi kigangoni, na Zaitun aliyeniuzia manjano ndiyo nitakuwa nimemmaliza kabisa."

Mayai mia nne yanatakiwa yamfikie Hilaria, mwenyekiti wa akina mama wa kigango chao, kabla ya adhuhuri. Hilaria atayafungia kabatini kwake na ufunguo ataufunga kwenye pindo la kitenge. Kesho, baada ya misa ya Pasaka, atayaleta kanisani na kuyafunua mbele ya watoto na wazazi wao. Yakitoka njano, Mama Kija amepona. Yakitoka na doa hata moja, akina mama watanunua pipi za dukani na mambo yataishia hapo.

Ukimuuliza kwa nini mayai, atakupeleka Ufipa alikozaliwa. Asubuhi ya Pasaka bibi yake alichemsha mayai ya kuku na kumpa kila mjukuu moja, zima, la kwake peke yake. "Siku nyingine yai moja tuligawana watoto watatu. Siku hiyo mtu unakula yai lako, hakuna wa kukuomba. Pasaka bila yai, kwetu haikuwa Pasaka."

Aliolewa na Nyanda, mtoto wa wafugaji wa Kisukuma waliohamia Katavi na ng'ombe wao, na wakapata shamba la karanga Kasekese. Nyanda analima, mkewe anauza. Kwa miaka mingi alikaanga karanga na kuzifunga kwenye karatasi, akizunguka nazo stendi. Siku ya neema ilimwachia shilingi elfu tano, siku mbaya alirudi na karanga zake na miguu iliyovimba.

Kuku wa nyumbani walipokufa kwa mdondo, Pasaka ikamkuta hana yai hata la dawa. Ndipo alipochukua siagi ya karanga iliyobaki, akawafinyangia wanawe mayai. Mwaka huo alitumia rangi ya unga ya dukani. Watoto walikaa siku mbili na ndimi za buluu, mpaka padri akauliza kama kuna ugonjwa umeingia mtaani.

"Nilicheka, lakini niliogopa," anasema. "Nikajiambia, kitu ambacho siwezi kutia kwenye mboga, kwenye pipi sikitii tena."

Mayai yakapendwa. Majirani wakaomba, jumuiya ikaomba, na hatimaye kigango kizima kikaagiza mayai mia tatu ya Pasaka ya mwaka jana. Akina mama walitaka yote yawe njano, yafanane na vitambaa vya njano na vyeupe vinavyopamba kanisa siku hiyo. Kwa Mama Kija hiyo ilikuwa oda kubwa kuliko zote alizowahi kupata.

Hapo ndipo kitumbua kilipoingia mchanga.

Aliyatengeneza Jumamosi, akayapanga kwenye ungo yakauke, akayafunika kitambaa, akaenda kanisani na moyo mweupe. Jumapili akayabeba vile vile ungoni. Watoto walipanga mstari. Wa kwanza akapokea, akashukuru, akaligeuza yai lake kulitazama kwa chini, na hapo hapo akapiga ukelele: "Huku kuna damu!"

Wakageuza wote. Tumboni mwa kila yai kulikuwa na mabaka mekundu, mengine yamechuruzika pembeni. Siku ya ufufuko, watoto mia tatu wameshika mayai yenye damu. Kuna aliyelia, kuna aliyelitupa lake, na bibi mmoja akafanya ishara ya msalaba.

Hilaria alivua kitenge chake cha juu akaufunika ungo. "Nyekundu ni ya Ijumaa Kuu, Mama Kija," alimwambia mbele ya watu. "Leo umetuletea nini?"

"Nilitamani ardhi ipasuke," anakumbuka. "Nilirudi nyumbani, sikula. Nyanda aliongea na mimi, naona mdomo unacheza tu."

Lakini alichokifanya kesho yake ndicho kinachomuuma mpaka leo. Alikwenda sokoni, moja kwa moja hadi kwenye meza ya viungo ya Zaitun, mama wa makamo aliyeirithi meza hiyo kwa baba yake, mzee Sadalla. Ndiko alikonunua manjano. Watu wakiwa wamejaa, akampigia kelele kwamba manjano yake yamechanganywa na unga wa tofali.

"Mimi ndiye niliyeanza," anasema, na mikono inasimama kwa mara ya kwanza asubuhi hii. "Wengine walichukua kwangu tu. Nilisema kwa hasira, na sikuwa na ushahidi wowote."

Maneno yakaenea soko zima. Zaitun anasema kwa muda wa miezi miwili aliuza pilipili manga na iliki, ila manjano yalilala. Wateja aliowahudumia miaka kumi na tano walipita mbele ya meza yake wakiangalia upande wa pili. "Baba yangu aliuza hapa mpaka anakufa, hajawahi kuambiwa amepunja hata gramu," anasema. "Mimi naambiwa nalisha watu tofali. Usiku nilikuwa nawaza, hivi nimemkosea nini yule mama?"

Angeweza kumwendea Mama Kija na maneno makali. Alijikaza kisabuni, na mwisho akamwendea kweli na sabuni.

Ilikuwa alasiri ya mwezi wa sita. Mama Kija alipomwona anaingia uani alidhani amekuja kugombana. Zaitun akakaa kwenye kigoda bila kukaribishwa, akatoa kitambaa cheupe, akakipaka manjano kidogo yaliyoloweshwa, kisha akasugua kipande cha sabuni juu yake. Kitambaa kikawa chekundu kama kucha iliyopakwa hina.

"Mimi kanga zangu nazifua mwenyewe," Zaitun akamwambia. "Manjano yakikutana na sabuni yanafanya hivi, yawe ya kwangu, yawe ya nani. Sasa niambie Mama Kija, sabuni uliiweka wapi?"

"Sikuweka sabuni, dada. Niiweke ya nini?"

"Madoa yalikuwa upande gani?"

"Chini. Juu yalikuwa mazuri tu."

"Chini kulikuwa na nini?"

Kulikuwa na ungo. Na ungo, kama alivyosema Kabula aliyekuwa amekaa pembeni akichambua mboga, ulikuwa wa kwake. Bibi huyo huhifadhi maharage ya mbegu kwa kuyachanganya na majivu ili yasibunguliwe, kama mama yake alivyofanya na kama wafanyavyo wakulima wengi wa huku. Kila anapotaka kupika, anayapepeta kwenye ungo ule ule. Majivu huingia katikati ya ukindu yakakaa humo, wala jicho haliyaoni.

Walichukua jivu kidogo, wakalidondoshea manjano yenye maji. Likawa jekundu. Wakakamulia ndimu juu yake, njano ikarudi. Wakarudia mara tatu, wanawake watatu wameinamia sahani moja.

"Nilicheka, halafu nikalia," anasema Mama Kija. "Mayu, mama mkwe wangu huyu, aliniambia, mwanangu, mimi ndiye niliyeua Pasaka yako. Nikamwambia hapana Mayu, ungo ni wako, lakini mdomo uliomtukana Zaitun ni wangu."

Asali ile, katika msimu wa mvua, ilivuta unyevu ungoni, na unyevu ukaamsha majivu. Basi. Hakukuwa na tofali, wala uchawi kama walivyonong'ona baadhi ya watu.

Kujua ni jambo moja, kwenda kusema ni lingine. Jumamosi iliyofuata, saa nne, soko likiwa limefurika, Mama Kija alirudi kwenye meza ile ile akiwa na sahani, jivu na ndimu. Alisimama pale pale aliposimama siku ya matusi. Akaonesha. Akasema amekosa. Alipomaliza, Zaitun akamsogezea kigoda.

Akina mama wa kigango aliwaonesha wiki iliyofuata. Wengi walishangilia. Hilaria hakushangilia. "Nimeona," alisema, "lakini mimi nina watoto waliolia. Pasaka itasema."

Ndiyo maana leo kuna bibi mwenye fimbo mlangoni. Ndiyo maana nyungo ni mpya, zimenunuliwa juzi na hazijawahi kuonja maharage, na juu yake zimetandikwa karatasi nyeupe. Ndimu imetiwa kwenye koti la mayai, matone machache tu, yasibadilishe ladha. Hata chai ya asubuhi imepikwa kwa jirani.

"Nimemfukuza mpaka mwanangu Nyanda," Kabula anajigamba. "Alikuja ananuka moshi. Nikamwambia akae huko huko na ng'ombe wake."

Saa tano na nusu mayai mia nne yanapanda kwenye bajaji. Mama Kija anayapakata kama mtu anayepeleka mtoto kliniki.

Jumapili ya Pasaka. Misa imekwisha na uwanja wa kigango umejaa nguo mpya na harufu ya udongo uliolowa. Watoto wamepanga mstari, lakini safari hii wazazi wamepanga mstari mrefu zaidi nyuma yao, maana kila mtu anataka kuona. Mama Kija amesimama kando, mikono nyuma. Zaitun hajaingia. Amesimama nje ya uzio, na anasema amepita tu, ingawa nyumba yake iko upande mwingine kabisa wa mji.

Hilaria, aliyeyaleta kutoka kabatini kwake, anafunua kitambaa. Hagusi yai la juu. Anapenyeza mkono katikati, anachomoa moja la chini kabisa, analigeuza tumbo juu, analiinua kwenye mwanga. Anachomoa la pili na la tatu. Wazazi wa nyuma wanasimama kwa ncha za vidole.

Kisha analitia mdomoni lile la kwanza. Anatafuna polepole, anameza.

"Njano mpaka tumboni!" anatangaza.

Vigelegele vinapasuka. Watoto wanavunja mstari. Kabula anacheza bugobogobo, ngoma ya Wasukuma, na ile fimbo yake, na Mama Kija, ambaye kwa mwaka mzima alikuwa akikaa benchi la nyuma kanisani, anabebwa juu juu na akina mama wenzake huku kilemba kikianguka. Analia waziwazi na hajifichi. Anapotua tu, anakimbilia kwenye uzio, anamshika Zaitun mkono, anamwingiza uwanjani.

"Pentekoste tunataka mengine mia nne," Hilaria anasema akipanguza vidole. "Na hayo, kwa kuwa ni siku ya ndimi za moto, yawe mekundu."

"Kwa bitiruti au kwa majivu, mwenyekiti?"

Hilaria, mama ambaye watu wanasema hacheki ovyo, anashika mbavu.

Jumatatu ya Pasaka, sokoni, Hilaria ndiye wa kwanza kufika kwenye meza ya Zaitun, na nyuma yake wako akina mama saba. "Nipimie robo ya manjano," anasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa wauza dagaa. Zaitun anapima, anaongeza, anapima tena, kama amesahau kazi aliyoifanya maisha yake yote. Mpaka saa sita kopo la manjano limebaki vumbi.

Mama Kija yuko pembeni yake, na mipango imemjaa kichwani. Yai moja huliuza shilingi mia tatu, na oda ya Pentekoste itamsaidia kuanza kujenga chumba cha kazi mbali na mafiga. Baada ya hapo anataka mashine yake mwenyewe ya kusaga karanga, halafu vikopo vya kupeleka madukani, Mpanda kwanza, Sumbawanga baadaye. Chapa ya kubandika ameshaichora kwenye karatasi ya daftari. Anaikunjua na kumwonesha mwenzake.

Kwa herufi kubwa, juu kabisa, imeandikwa: MANJANO YA ZAITUN BINTI SADALLA, SOKO LA MPANDA. Chini yake, kwa herufi ndogo za kubana macho, ndipo lilipo jina la mtengenezaji.

Zaitun anaisoma, anairudia. "Mama Kija, pipi ni zako. Mbona jina lako umelifinya hivi?"

"Nilikutukana kwa sauti kubwa, dada yangu," Mama Kija anamjibu. "Sasa herufi kubwa ni zako."