Mifupa Chini ya Haraka

Kamanda Peregrine Vosper alikabidhiwa meli yake ya mwisho akiwa na miaka hamsini na tisa, nami nikawa mpishi wake. Meli yenyewe iliitwa Haraka. Kazi yake ilikuwa kulinda bandari ya Plymouth, yaani kutia nanga na kukaa. Tulikaa miaka kumi na mmoja.

Kila mchana Kamanda alikula ubavu wa ng'ombe, mifupa akaitupa dirishani. Mabaharia mia na sitini wakamuiga. Wachuuzi wa samaki gatini walituchoka: "Haraka yenu mbona haina baraka?"

Koti lake lilikuwa na pambo moja la dhahabu, bega moja tu. La bega la pili huvaliwa na nahodha kamili, cheo kilicho juu ya kamanda. Alishalinunua zamani, akalificha kwenye kopo la tumbaku, na kila Jumapili alilipangusa.

Siku moja admirali akamwita. "Vosper, unastaafu. Jumamosi maji yakijaa, niletee meli mbele ya nyumba yangu. Nusu maili tu. Ukifika, unaondoka nahodha. Usipofika, nenda hivyohivyo."

Mzee wa miaka sabini alirudi akiimba.

Jumamosi tukang'oa nanga, tukatweka matanga. Ningejua ni ya msiba ningepika kabisa. Upepo ulikuwa mzuri, lakini Haraka haikusogea hata shubiri.

"Sukumeni!" Kamanda akafoka.

"Tusukume nini, afande? Bahari?" akajibu Penrose, baharia mkongwe.

Penrose akateremsha risasi ya kupimia kina, iliyopakwa shahamu ili inase kilichoko chini. Ikarudi na kipande cha mfupa.

"Mfupa wa nini huo?"

"Wa ng'ombe, afande. Tumekwama juu ya chakula chetu wenyewe."

Watu wakaangua kicheko. Mimi nilicheka kuliko wote.

"Unacheka nini, Tull?"

"Sicheki, afande. Nimeutambua tu. Ubavu wa Krismasi."

Maji yakapwa. Jioni ikaja barua ya admirali: "Kwa Kamanda Vosper." Neno Kamanda lilipigiwa mstari.

Akaagiza chakula. Sikuwa na kingine, nikampelekea ubavu. Alikula akilia bila sauti, nami nikajuta kucheka. Alipomaliza akainuka, akafungua dirisha, akautupa mfupa palepale.

Ndipo akakumbuka. Alisimama akiutazama mkono wake mtupu.